Kipimo cha Kinyama

Siku hizi uvimbe wa titi hupimwa nyumbani kwa mashine ya sindano, na mashine ikisema salama, hospitali hairuhusiwi kukata kinyama cha kupima. Tusekile wa Tukuyu alijichoma mara tatu. Kila mara mashine ilijibu, "Seli ni chache, lakini ni salama," ilhali uvimbe ulizidi kukua. Mumewe, Lutengano, alishachoka kumsikiliza.

"Mashine imeshasema, Mama Ipyana. Unataka nini tena?"

Juma hilo ng'ombe wao naye akaota uvimbe kwenye kiwele. Daktari wa mifugo alimchoma sindano, akatazama, akatikisa kichwa.

"Sindano imevuta seli chache tu. Ngoja nikate kinyama, tuone zimejipangaje."

Baada ya siku mbili alirudi na jibu: ni saratani, lakini imewahiwa. Lutengano alimshukuru Mungu kwa sauti, akaingia ndani kuchemsha chai.

Tusekile alimsogelea daktari kwa hasira.

"Na mimi nikate, daktari."

"Mama, leseni yangu ni ya ng'ombe," alisema daktari, akifunga begi lake haraka haraka.

Tusekile aliukamata mkono wake, wala hakuuachia.