Alipolala Baba Digna

Yuditha alisimama mbele ya greda akipunga mikono yote miwili, kanga ikimdondoka, lakini hakupiga kelele hata kidogo.

Urbanus, dereva, akakanyaga breki. Msimamizi wa barabara, Melkior, akashuka garini na kumfuata mama huyo mbio.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Zimeni kwanza hiyo mashine," Yuditha alinong'ona. "Hapendi kelele."

"Nani?"

"Baba Digna, mume wangu. Hiki ni kihamba, shamba la ukoo wake. Yeye ndiye angezungumza nanyi, lakini amelala pale."

Akaelekeza kidevu kwenye masale yaliyosongamana katikati ya migomba, hatua chache tu kutoka kilipofika chuma cha greda.

Melkior alikuwa mtu wa Songea. Alikuja Moshi kukata miwa, baadaye akahamia kwenye barabara, na vibarua wake wa Kichagga walimfundisha mapema kwamba masale hayakatwi ovyo, maana huenda chini yake pana kaburi la mtu. Akavua kofia. Akamwashiria Urbanus, injini ikazimika.

"Pole sana, mama. Hatukujua."

Yuditha akaitazama ile kofia mkononi mwa Melkior.

"Ahsante, baba," akasema.

Barabara ile ilikuwa inakwenda kwenye nyumba mpya za wafanyakazi, mamia ya nyumba, zilizokuwa zikijengwa upande wa Shirimatunda. Kila mtu alizisifu. Hata Yuditha alizisifu, mpaka siku vigingi vilipopigwa katikati ya kihamba. Kahawa ingekwenda, migomba ingekwenda, na jiko lake lingebaki ukingoni likila vumbi la malori. Wiki nzima chakula hakikumshuka. Aliolewa humo, akazalia humo, na hakuwa na pengine pa kwenda. Na ng'ambo ya mfereji palikuwa na uwanja mtupu wa shamba la zamani la mzungu, mbigili tupu, ambao barabara ingeupita bila kumliza mtu!

"Mama, tuna utaratibu," Melkior alisema kwa upole. "Tunaweza kumhamisha. Vijana wanne wanamwinua taratibu, kwa heshima zote, tunampeleka mahali pazuri."

"Thubutuni!" Yuditha alishtuka kweli. "Mkimwinua baba Digna pale alipo, hapa hapatakalika. Nyie hammjui."

Urbanus alijikuna kisogo. "Mkuu, mimi siendeshi greda juu ya mtu. Nitafutie dereva mwingine."

Melkior alinyoosha shingo kuelekea kwenye masale. Hakuona zaidi ya majani.

"Mbona hamjamwekea msalaba?"

"Hatujafikia huko bado, baba."

Hapo Yuditha akaona jambo lililomkata maini. Jirani yake Tabitha alikuwa anapanda njia, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Tabitha na mdomo wake ule!

"Jamani, kwema hapa?"

"Hawa ndugu wanataka kupitisha barabara alipolala baba Digna," Yuditha alisema haraka, akimkazia macho.

Tabitha akatua mzigo. Akachungulia katikati ya masale, akamtazama Melkior aliyebana kofia kifuani, akamtazama Yuditha. Kisha akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika.

"Pole, mama," Melkior akasema. "Naona mnampenda sana."

"Mbege, baba," Tabitha alijibu humohumo ndani ya kanga, sauti ikimkatika. "Mbege ndiyo iliyomlaza pale. Tulimwambia, hakusikia."

"Pombe imemaliza wengi."

"Huyu imemweza!"

Tabitha akageuka, akaenda kuegemea mgomba, akajikunyata huko peke yake.

Melkior akatazama vigingi, akatazama uwanja wa mbigili. "Mjini watanifokea," akasema, "lakini nikiwaambia kaburi, watanyamaza. Urbanus, ng'oa. Tunapita kule."

Yuditha alitaka kuruka. Badala yake aliifunga kanga yake, akaifungua, akaifunga tena. Urbanus alianza kupiga vigingi kwa nyundo ng'ambo ya mfereji. Macho ya Yuditha yalikuwa kwa Urbanus, masikio yalikuwa nyuma, kwenye masale.

"Hamwezi kupiga taratibu kidogo?"

"Kigingi hakiingii taratibu, mama."

Kilipoingia cha mwisho, akadhani sasa wataondoka. Wapi! Melkior akainamisha kichwa. "Tusali kidogo kwanza," akasema.

Na mtu wa Songea alijua kusali. Alimwombea baba Digna pumziko jema, akaomba asisumbuliwe tena na mashine wala na wanadamu, akamwombea mkewe nguvu. Yuditha alisimama miguu ikimwasha kama kakanyaga siafu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, maana mtu huyu alikuwa mwema, na angependa kumwambia hivyo. Lakini alifumbua jicho moja, akaiona kahawa yake imesimama, akasema amina kabla sala haijaisha.

Injini ilipowaka, alijishika kifua. Greda likageuka, likavuka mfereji, likaanza kuichana ile mbigili, mstari mwekundu ukifuata nyuma yake, hadi ngurumo yake ikabaki mbali huko bondeni. Melkior alimpungia mkono kwa mbali. Tabitha alijitwisha majani yake akaenda zake bila kuaga, kanga bado iko mdomoni.

Yuditha akaketi chini palepale, akavuta pumzi ndefu.

"Mama Digna!" sauti nzito ikamwita kutoka kwenye masale, ikafuatiwa na mwayo mrefu. "Hivi hao watu wa barabara wanakuja leo au hawaji?"