Kunguru wa Yokohama na Mifupa ya Vietnam

Kulikuwa na kunguru mmoja mjini Yokohama, Japani, aliyejaa majivuno mpaka kwenye kucha. Siku moja bandarini alimkuta panya mpole, aliyeshuka kutoka meli ya Vietnam.

"Nakuonea huruma, mgeni," alisema Kunguru. "Kwetu treni haichelewi hata dakika moja, na wazee wanatimiza miaka mia. Ninyi mna nini?"

"Sisi bado tunajitafuta," alijibu Panya. "Watu wetu wanakula supu ya tambi kando ya barabara, wamekalia vigoda, na mifupa wanaiangusha chini ya meza. Na wewe, bwana mkubwa, umekula nini leo?"

Kunguru alitazama pembeni. Tangu juzi hakuwa ametia kitu mdomoni. Watu wa kwao huosha hata kopo kabla ya kulitupa, na mifuko ya taka huifunika kwa wavu kumzuia yeye na wenzake.

"Nimekuwa na shughuli nyingi," alisema.

Meli iliporudi Vietnam, Kunguru alikuwa juu ya mlingoti, eti anakwenda kutembea tu. Huko pikipiki zilimpigia honi mpaka kichwa kikamuuma, lakini mifupa ilikuwa na nyama.

Huu ni mwaka wa tatu. Kila asubuhi Kunguru hushiba chini ya meza, hufuta mdomo kwenye kigoda, kisha humsimulia Panya jinsi treni za kwao zisivyochelewa. Panya humsikiliza kwa raha zake, huku akimsogezea mfupa mwingine.