Oda Iliyokuja Kavu

Siku kompyuta za kiwanda cha sabuni zilipounganishwa, Bi Saumu, tarishi, alikaa kwenye benchi mikono mitupu. Karatasi alizozoea kuzitoa ghalani na kuzipeleka uhasibu sasa zilifika zenyewe. Akavua viatu vyake vya kazi, akavifunga kwenye kanga.

Lukindo, mhasibu, akachungulia mlangoni.

"Mama, oda ya ghalani nimeiona."

"Haya, mwanangu. Basi mimi niende zangu."

"Uende wapi? Oda imekuja kavu, haina hata salamu. Mke wa Shebughe wa ghalani amejifungua au bado? Nani ataniambia?"

Bi Saumu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ahsante, baba," alisema, akafungua kanga.

Alikuwa amevaa kiatu kimoja Shebughe alipotokea mbio kutoka ghalani, simu mkononi, akiita, "Bi Saumu! Bi Saumu! Amejifungua!"