Pembe ya Wagomvi

Katika jiji analoishi Sikudhani, mtu akipaza sauti nyumbani kwake, ukuta humbembeleza: "Tulieni, wapenzi." Kisha taa hufifia na muziki mwororo huanza. Yeye na mumewe Shomari hawakuwa wamegombana tangu wahamie humo, naye alishaanza kuhisi mumewe amemchoka.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda kwenye ile pembe ya bustani ya jiji iliyoachwa ikaota magugu, ambako watu husema hakuna kinachosikiliza. Alijipenyeza katikati ya kishonanguo kilichomfika kiunoni, akawakuta watu wawili wawili wakifokeana kwa raha zao. Mbele kidogo, mwanamume mmoja alikuwa peke yake, akiufokea mwarobaini.

"Na shuka, Mama Salha! Yote unaivuta wewe, mimi natetemeka kama kuku aliyenyeshewa!"

Alikuwa Shomari, na Mama Salha huyo alikuwa yeye mwenyewe, Sikudhani.

"Kumbe hasira unazo!" Sikudhani alisema, machozi yakimlengalenga. "Basi nigeukie mimi, uuache mti wa watu!"

Wakagombana mpaka wakacheka. Kisha wakafanya wanavyofanya wote kabla ya kutoka pale: kila mmoja alimbandua mwenzake mbegu za kishonanguo zilizomnasa mgongoni, moja moja, isibaki hata dalili ya walikotoka. Sikudhani alirudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Mlango ulifunguka wenyewe. Kabla hawajasema neno, ukuta ukawalaki kwa upole uleule.

"Karibuni. Najua sauti zimewakauka. Nimewachemshia tangawizi."