Jukwaa la Wasikilizaji Wangu

Siku hizi msikilizaji wa podikasti akikaa kimya, kivuli chake humsemea mtandaoni. Kivuli ni programu tu, ila kinamjua mtu kuliko mamaye. Ndiyo sheria. Basi nilipotafuta jukwaa la kuwakusanya wasikilizaji wa podikasti yangu ya mapishi, nilitaka lenye vivuli vya kubishana nami, si vya kusifia tu.

Nikavitega kwa kosa la makusudi. Nilitangaza kwamba samaki wa nazi hutiwa tui zito kwanza, jepesi mwisho.

Jukwaa la kwanza lilijaa pongezi. Watu wa pwani hao, asiwepo hata mmoja wa kuniumbua! Nikalifuta.

La pili lilileta jibu moja, la kivuli cha mume wangu, Kombo: "Tui zito mwisho, Mwanasha. Wiki ya harusi yetu ulipika hivyo hivyo, tui likakatika, nikala nikanyamaza."

Kombo mwenyewe alikuwa pembeni yangu, anamenya vitunguu.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

Kisu kikasimama. "Sijawahi kumwambia mtu."

Nikalichagua jukwaa hilo papo hapo. Kisha nikamgeukia. "Na kipi kingine ulichonyamazia?"

Kombo akafungua mdomo, lakini simu yangu ikamtangulia: kivuli chake kilikuwa kimeshaanza kuandika.