Kizingiti cha Mbele

Kiti cha magurudumu kilikuwa kimeshafika mlangoni Enid alipoung'ang'ania mwimo.

"Sipiti hapa. Nipelekeni mlango wa jikoni."

"Bibi, wa jikoni wameshauziba kwa matofali," alisema muuguzi. "Nyumba imeuzwa, wanajenga fleti."

Enid aliingia nyumba hii ya mji wa Buxton akiwa msichana mdogo, mtumishi wa familia tajiri. Kila alfajiri alipiga magoti akakisugua kizingiti hiki kwa jiwe mpaka kikawa cheupe, na bi mkubwa wa nyumba aliwakataza watumishi kukikanyaga. Baadaye nyumba ikawa hospitali ya askari, kisha makao ya wazee, naye akarudi, akiomba jambo moja tu: afie humo.

"Bi mkubwa atanifukuza."

Dereva aliyekuja kumchukua alicheka. "Huyo keshaoza zamani, mama! Leo unatoka kama malkia."

"Basi ngojeni nife, ndipo mnitoe. Haraka ya nini?"

Muuguzi alianza kumbandua vidole kimoja kimoja, huku akilia. Kila alipokifungua kimoja, kingine kilirudi kushika.

Enid alifariki kwenye makao mengine kabla ya Pasaka. Muuguzi aliacha kazi. Dereva bado anaendesha gari lile lile. Fleti zilinunuliwa zote, na wenyewe huja wakati wa kiangazi.