Njumu za Namba Nane

Kocha alimtupia Horace njumu mpya mapajani, na Horace akaona dunia imemrudia. Klabu yao ilikuwa ndogo, huko kaskazini mwa Uingereza, na njumu mpya hakupewa mtu ila aliyepangwa kucheza Jumamosi.

Vita vya Hitler vilimla miaka sita. Aliondoka akiwa winga wa kikosi cha kwanza, akarudi ana miaka thelathini na tatu, na tangu hapo alikuwa mtu wa akiba.

Ngozi ilikuwa ngumu kama ubao. Akazivaa, akatia miguu yote miwili kwenye beseni la maji moto, kama walivyozoea wachezaji wote, ili ngozi ilowe ishike umbo la mguu. Vidole vikajikunja kwa kukosa nafasi.

"Zinabana, bosi."

"Lazima zibane," kocha akasema, huku akibandika karatasi ya kikosi mlangoni. "Wewe unavaa namba tisa, hizo ni nane. Za winga wetu mpya. Sitaki aingie uwanjani kesho na malengelenge. Zivae mpaka jioni, uzilainishe."

"Babu, usije ukazizeesha tu!" mchezaji mmoja akadakia, chumba kizima kikaangua kicheko.

Horace naye akacheka. Hakwenda kuisoma ile karatasi. Aliinama, akakaza kamba, akafunga fundo mara mbili, kama kila Jumamosi kabla ya vita.

Maji yakapoa.

"Bado zinabana?" kocha akauliza.

"Hapana," akasema. "Sasa sisikii kitu."